Vitanda vya Mtihani

9 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Goti la baba limetulia, au bado anapanda ngazi huku anazigombeza? Na bibi je, bado anawatangazia majirani kwamba mimi ni meneja? Mwambie avute subira, hata kiti cha kukalia sijapewa.

Nimefika salama. Nimepanga chumba nyuma ya kiwanda. Dirisha linatazama ukuta, na bomba la uani linakohoa weee kabla ya kutoa maji. Mama mwenye nyumba ana maneno machache na macho mengi. Kiwanda kinatengeneza vitanda vya chuma, vile vya juu na chini vya mabweni ya shule. Mchana kutwa ni kelele za kukata mabomba na harufu ya rangi.

Utauliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu na simu ninayo. Simu siiamini, laini tumepewa na chuo. Unawakumbuka wale wahitimu wetu walioiangusha kampuni ya akiba, watu wazima wakabaki wanalia barabarani? Tangu aibu ile, Mkuu wa Chuo ameapa hatatoa tena kiongozi mwenye akili nyingi na mkono mchafu. Mtihani wa maadili wa kukaa darasani ameufuta. Sasa kuna Mwaka wa Kazi: kila mwanafunzi anapelekwa kwenye kampuni, na siku asiyoijua, mtu asiyemjua atamwekea kishawishi. Ukiteleza, unarudia mwaka. Huyo mtu sisi tunamwita Mpimaji.

Juzi mama mwenye nyumba kanirudishia chenji iliyozidi. Nikamkimbilia mpaka sokoni, nikamrudishia mbele za watu, kwa sauti ya juu. Akanitazama kama mgonjwa. Ni yeye, shangazi, nakuapia.

Wewe ndiye mtu pekee ninayemwandikia bila kugeuka kuangalia nyuma.

Mwanao,
Kiherehere


24 Februari

Kiherehere mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Baba yako daktari kamkataza chumvi, kwa hiyo siku hizi anakwenda kula kwa jirani na kurudi nyumbani kusema hana njaa. Bibi yako kakupandisha cheo, umeshakuwa mkurugenzi. Karakana yangu inaenda hivyo hivyo. Fundi wangu mkuu kaoa, basi kila asubuhi anachelewa na kuingia akitabasamu, na mimi nashindwa kumfokea.

Nimecheka habari ya sokoni, halafu nikaacha kucheka. Mimi nilisoma chuo hicho hicho kabla hujazaliwa. Enzi zetu maadili yalikuwa kipindi cha Ijumaa mchana. Mwalimu alisinzia, na sisi kwa adabu tukasinzia naye. Wale walioiangusha kampuni ya akiba ni wa rika langu, wengine nilikaa nao dawati moja. Kwa hiyo simcheki Mkuu kwa kujaribu kitu kipya. Lakini kumkimbiza mama wa watu sokoni ili uonekane mwaminifu, hapo sijui tunakwenda wapi.

Kuhusu Mpimaji sina la kusema. Fanya kazi yako.

Kuna kajambo nataka kukuomba, ila zoea kwanza mazingira. Umekula lakini? Najua ukiwa na wasiwasi huli.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nakula, usihofu. Baba asalimiwe, na jirani anayemlisha chumvi asalimiwe pia.

Sasa nimezoea. Wamenipa kitengo cha ubora, yaani nikague vitanda kabla havijatoka. Kuna mashine ya kupimia uzito ambao kitanda kinaweza kubeba, imekufa toka siku niliyofika. Kila nikimuuliza meneja itatengenezwa lini ananijibu, "Tutaona." Wafanyakazi wanamwita Bwana Tutaona, na yeye anajua, na hajali.

Tupo wanafunzi kadhaa hapa. Mmoja havui koti hata kwenye joto la tanuri la kukaushia rangi, tunamwita Suti. Wiki iliyopita mfagiaji aliangusha pochi yake koridoni. Shangazi, ungeona! Wote tuliiona mara moja na wote tukairukia. Suti aliwahi, nami nikamshika koti, tukaanguka. Mfagiaji akadhani tunamwibia, akapiga kelele. Tukawa tunamrudishia pochi huku tunagombania nani anayeirudisha. Maskini, siku hizi akituona anashika mfuko.

Hatuongei sisi kwa sisi. Mtu akikukaribisha chai unajiuliza anataka nini. Suti anasema Mpimaji ni mimi. Mimi nasema ni Suti. Mama mwenye nyumba nimemwondoa kwenye orodha, halafu nikamrudisha.

Ni kajambo gani hako? Mbona unaniweka roho juu?

Kiherehere


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Bibi alipata mafua lakini keshapona, ameanza kugombana na redio. Baba yako hajambo.

Jambo lenyewe ni hili. Karakana yangu nataka ianze kutengeneza samani za chuma, lakini bei za mabomba zinanishinda. Ningependa kujua kiwanda chenu kinanunua mabomba kwa nani na kwa bei gani. Ni taarifa ndogo ambayo itanisaidia sana. Si lazima mtu mwingine ajue.

Ukiona ni vigumu, acha.

Umekula?

Shangazi yako


16 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo! Leo nina furaha kupita kiasi.

Kwanza lako. Eti nikiona vigumu niache! Tangu lini wewe unaniomba kwa adabu hivyo? Barua yako ilinuka kama tangazo la benki. Nimekuandikia jina la muuzaji na bei kwenye kile kikaratasi ndani ya bahasha. Wamebadilisha muuzaji mwaka huu, huyu mpya anauza rahisi ajabu. Mabomba tunakatazwa kuzungumza nje, lakini wewe si nje.

Sasa langu. Nimefaulu!

Jumatatu walikuja wageni kutoka shule moja ya wasichana ya bweni, wameagiza vitanda vingi. Bwana Tutaona akawaacha ofisini na chai, akaniita pembeni penye mashine.

"Binti wa chuo, wageni wanauliza kama vitanda vimepimwa uzito. Wewe ndiye mtu wa ubora. Waambie vimepimwa."

"Vimepimwa lini, bosi? Mashine imekufa."

"Vitapimwa. Tutaona. Ila wewe waambie vimepimwa. Chuo chenu kina jina, wakisikia kwako watatulia."

Hapo machale yakanicheza. Mashine mbovu, meneja ananong'ona, wageni wanasubiri, kila kitu kimepangwa vizuri kama jukwaa. Nikajua huu ndio wenyewe. Nikanyoosha mgongo, nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachomeleaji kwamba jina langu siwezi kulikopesha uongo, na kwamba kiongozi anaanza kuharibika siku anayosema neno moja lisilo kweli. Nilikuwa nimeyaandaa tangu Februari. Nikasubiri mtu atokee nyuma ya mlango apige makofi.

Hakutokea mtu. Meneja akanitazama, akasema, "Haya, nenda kwenye stoo ya rangi." Ndiko niliko sasa, nahesabu makopo na kuimba. Matokeo hawatangazi mpaka mwisho wa mwaka, lakini mimi yangu nayajua.

Mfaulu wako,
Kiherehere


29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima.

Umesema vizuri mbele ya meneja wako. Lakini bei uliyoniandikia siipendi. Nimeizungusha kichwani kila nikikaa. Kwa bei ile hupati bomba nene, unapata bomba la kutundikia pazia.

Vitanda vile viko wapi sasa?

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako fupi hivyo, hata bibi hayumo? Wala hukuniuliza kama nimekula. Na asante ya zile bei iko wapi? Nilijua utafurahi.

Vitanda gani, shangazi? Lile lilikuwa igizo. Mashine waliiharibu makusudi, mabomba membamba wakayaleta makusudi. Na wamelicheza mpaka mwisho, walipakia lori zima mbele yangu na kulifunga turubai. Nilimpungia mkono dereva, nikamwambia, "Kazi nzuri." Akanishangaa, mwigizaji hodari.

Nilipokataa mimi, meneja alimwita Suti, na Suti akawaambia wageni vimepimwa. Aliwaambia hivyo akiwa ameshika tai yake, maana aliogopa kumkatalia bosi. Namhurumia, atarudia mwaka. Tangu siku hiyo amenuna na hazungumzi na mtu.

Kuna kitu lakini. Juzi nimempigia mama kwa simu ya dukani. Anasema gari la chuo lilisimama mlangoni kwako asubuhi nzima. Gari la chuo gani, shangazi? Ulikuwa na wageni gani?

Kiherehere


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako.

Mama anasema u mzima, unakwenda karakana kila siku na unamfokea fundi wako hata akiwahi. Kwa hiyo huumwi. Basi ni nini?

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Ile ya Machi kuhusu mabomba haifanani na wewe. "Taarifa ndogo ambayo itanisaidia sana." Wewe ungeandika, "Hebu nipe bei, mwanangu, hawa wauzaji wananinyonya." Nani alikuwa karibu yako ulipoandika barua ile?

Naona aibu kukuuliza. Lakini nimeshindwa kutouliza.

Kiherehere


20 Juni

Mwanangu,

Bibi hajambo, baba yako hajambo. Mimi ndiye mwenye jambo.

Hukukosea. Barua ya mabomba iliandikwa na chuo, mimi niliinakili tu kwa mwandiko wangu. Mpimaji wako ni mimi.

Walikuja Januari, kabla hujafunga hata begi. Walisema wanafunzi watamshuku kila mtu isipokuwa anayewapenda, kwa hiyo anayewapenda ndiye anayefaa. Walisema wananihitaji kama mhitimu wa zamani mwenye heshima zake. Nikajiona mtu wa maana, nikakubali. Siri ya kiwanda nikuombe mimi, wao waone kama utaitoa. Ukaitoa bila hata kuuliza, kwa sababu ni mimi niliyeomba. Kwa sheria zao umeanguka.

Lile gari lilifuata ripoti. Niliwaambia haijawa tayari. Nilikuwa na kalamu mkononi niandike kwamba umekataa, na hakuna ambaye angejua. Mwaka wako ungepona na sisi wawili tungekaa kimya mpaka kufa. Ndiyo maana sikukujibu. Kila nikitaka kukuandikia nilitamani kwanza mtu mwingine agundue habari ya vitanda, ili mimi nisilazimike kujitaja. Maana Mpimaji akijitaja, mtihani umevunjika na mwanafunzi anarudia mwaka moja kwa moja.

Nisikilize sasa. Mtihani ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wangu. Vitanda havimo. Meneja wako ni tapeli wa kweli, mashine ni mbovu kweli, na lile lori lilibeba vitanda vya kweli kwa watoto wa kweli. Ulikataa vizuri, halafu ukavipungia mkono.

Hukuniandikia ni shule gani. Nimewapigia kiwandani, wamesema taarifa za wateja ni siri. Nimekupigia wewe, simu imezimwa. Unaijua wewe tu. Nenda.

Shangazi yako


27 Juni

Shangazi, kama kweli ni shangazi anayeandika,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye stoo mpaka wakanifungia.

Kabla hatujatoka chuoni, mwalimu wa Maadili alitutahadharisha kwamba Mpimaji anaweza kuja kwa sura ya kukiri. Nikitoka kazini bila ruhusa ni kosa. Nikienda kwa mteja kueleza mambo ya ndani ya kiwanda ni kosa kubwa zaidi. Kwa hiyo kile ulichonishika nacho mara ya kwanza, yaani kutoa siri, ndicho unachoniagiza nifanye tena. Wangekuwa na akili wangeupanga hivyo hivyo. Na wana akili, si walikupata wewe?

Nipe ushahidi kwamba hii siyo sehemu ya pili.

Uliniuliza kama nimekula. Hilo nalo walikuandikia?


3 Julai

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Ushahidi sina. Kitu chochote nitakachokupa, hata wao wangeweza kukitunga. Nimeshakutia sumu na siwezi kuitoa kwa maneno.

Basi usiniamini. Chukua kwamba ni mtihani na ukienda umeanguka. Nenda hivyo hivyo. Shule zinafunguliwa mwezi huu, na atakayelala kitanda cha juu hajui habari za Mwaka wa Kazi.

Umenuna, una haki. Nuna ukiwa njiani.

Shangazi yako


12 Julai

Shangazi,

Nilikwenda. Si kwa sababu nilikuamini. Nilimtafuta Suti, nikamwambia kila kitu, nikidhani atanicheka. Akavua koti. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona bila koti. Akasema, "Mimi silali tangu siku ile. Niliwatazama wale walimu usoni." Tukatoka pamoja, hatukuaga mtu.

Shule iko juu kwenye mteremko, mabweni marefu yenye madirisha madogo. Mlezi wa bweni alitupokea mlangoni na funguo kiunoni, mama mwenye mabega mapana. Alitushuku kuliko mimi ninavyokushuku wewe.

"Mnatoka kiwanda gani? Kuna mtu kawatuma? Mnauza vitanda vingine nyinyi!"

"Hatuuzi, mama. Tunataka kuvijaribu tu."

"Vimeshapimwa. Kijana mmoja wa chuo kikubwa aliwaambia walimu wetu, eti msafi kweli."

Suti akasema, "Kijana huyo ni mimi, mama. Niliwadanganya." Yule mama akashika funguo zake. Akafungua mlango.

Vitanda vilikuwa vimepangwa mistari, vimetandikwa shuka za bluu. Nilipanda kitanda cha juu, nikajirusha kidogo. Hakuna kitu. Nikajirusha tena. Hakuna. Nikajiona mjinga, na niseme ukweli, nikaanza kutazama kwenye pembe za dari nikitafuta kamera. Nikajiambia, wamenipata tena.

Halafu Suti akaniita upande wa mwisho wa bweni. Vitanda viliwekwa bwenini likizo ilipoanza, lakini wasichana wa kidato cha mtihani hawakuwa wameondoka, wamekuwa wakilala humo wiki zote hizi. Kila kitanda chao, pale bomba la juu linapoungana na mguu, kilikuwa kimefungwa vitambaa. Mikanda ya sare, vipande vya shuka, hata soksi. Nikamuuliza msichana mmoja aliyekuwa amekaa na kitabu, hivi ni vya nini?

Akasema, "Vinalia usiku, dada. Tukavifunga. Vya juu hatulali tena, tunalala wawili wawili chini."

"Mlimwambia mtu?"

"Tulidhani tutaambiwa tunadeka."

Nikafungua kitambaa kimoja, nikapanda. Sikuwahi hata kujirusha. Kiungo kiliachia, nikashuka na kitanda chote. Mkono umeteguka, nimefungwa bandeji, nakuandikia kwa tabu. Bomba lile la pembeni lilipiga sakafu pale pale ambapo kichwa cha mtu wa chini kingekuwa kwenye mto. Mlezi alipiga ukelele mmoja, akaanza kuburuta magodoro yote chini kwa mikono yake, na sisi tukamsaidia, mimi kwa mkono mmoja.

Vitanda vyote vimetolewa nje. Mkuu wa shule ameita polisi, na Bwana Tutaona hapatikani. Kiwandani tumefukuzwa mimi na Suti.

Wale wasichana waliishi na jambo hili bila mwalimu wa maadili. Mimi nilisimama kando ya lori nikapunga mkono. Nalia kila nikikumbuka, na silii kwa ajili ya mkono.

Msalimie bibi. Msalimie baba. Wewe bado.


28 Julai

Mwanangu,

Pole na mkono. Bibi kasikia umeanguka kazini na anauliza mkurugenzi alikuwa anafanya nini juu ya kitanda. Baba yako alitaka kufunga safari, goti likamkatalia. Anasema anajivunia, halafu anakwenda uani kujifanya anatafuta kitu.

Mimi nilikwenda chuoni. Mkuu alinipokea vizuri mno, chai mezani na wasaidizi wake wawili. Akasema kisa chako ni cha kupendeza, kwamba mtihani umevunjika kwa kosa langu lakini kamati iko tayari kukupa alama za juu kwa heshima, na picha yako na bandeji yako itoke kwenye jarida la chuo. Nikamwambia hilo akuulize mwenyewe.

Halafu akaniuliza, sasa sisi tufanyeje? Tulikaa darasani tukatoa wezi. Tumewatoa nje tuwapime, nako umetuharibia. Swali lake ni la haki. Nilimwambia mmewafundisha watoto kumtafuta anayewatazama. Mwanangu alikuwa na macho ya kumshuku kila mtu kiwandani, na hakuwa hata na jicho moja la kumtazama atakayelala kwenye kitanda. Nikamwambia ningekuwa mimi, kabla mwanafunzi hajashika ofisi yoyote ningempeleka kwanza akakae kwa wanaotumia bidhaa ya kampuni yake. Anayeuza vitanda akalale bwenini, na anayeuza dawa akakae wodini. Na asipewe alama. Akacheka, akasema bila alama hawataenda. Nikamwambia basi utakuwa umeshajua nani asipewe kampuni. Sijui kama alinisikia, alikuwa anaitazama saa. Nimejitoa kwenye upimaji, na nimemwambia nitawaandikia wahitimu wenzangu wote.

Sasa mimi na wewe. Nilikuuza, mwanangu. Walikuja na gari zuri na maneno mazuri nikakutoa wewe, na mimi ndiye mtu pekee uliyekuwa unamwandikia bila kugeuka nyuma. Naumia, na sikuombi ulisahau.

Uliniuliza kitu mwezi wa sita na sikukujibu. Walinipa barua moja tu, ile ya mabomba. Walikuwa wameandika na mwisho wake, "Nakutakia kazi njema." Nikaufuta, nikaweka swali langu. Katika barua ile nzima, ukiacha salamu za nyumbani, hilo tu ndilo lilikuwa langu.

Umekula?

Shangazi yako


19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Mkono umepona, ila hauwezi kubeba ndoo iliyojaa. Alama za heshima nimezikataa na picha nimeikataa. Mkuu aliniita, na nikaona naye anajiuliza kama ninakataa kwa dhati au ninajionyesha. Sikumwonea hasira. Ugonjwa tumeambukizana wote. Narudia mwaka pamoja na Suti, ambaye siku hizi anavaa fulana na inabidi tumtafutie jina jingine.

Kabla masomo hayajaanza nimerudi kule shuleni. Wameleta vitanda vya mbao. Mlezi alinipa cha juu, karibu na dirisha, nikalala hapo wiki nzima. Wasichana walicheka jinsi ninavyokoroma. Hakuna aliyeniandikia alama.

Nilipotoka kwenye kile chumba changu, nilimwomba msamaha mama mwenye nyumba kwa ile siku ya sokoni. Akasema chenji ile alikuwa amenizidishia makusudi, kwa sababu aliona mimi mwembamba.

Barua zako bado nazisoma mara mbili, shangazi. Sitakudanganya. Mara ya kwanza naisikia sauti yako, mara ya pili natafuta nani amesimama nyuma yako. Labda itaisha, sijui lini. Lakini hii ya mwisho wa Julai niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto. Sikuirudia.

Nimekula, shangazi. Nimeshiba.

Kiherehere